Junipa kwenye joto la Mtwara: nne zimenifia, mbili zinanawiri, na sababu nimeiona

KusiKaskazi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Jambo hili nimekaa nalo miaka mitatu kabla ya kulileta jukwaani, kwa sababu kila niliyemuuliza alinijibu neno lilelile: "Hiyo miti ni ya baridi, Mtwara haiwezi." Neno hilo lina ukweli nusu. Nusu iliyobaki ndiyo inayotuulia miche, maana mtu akishaamini kwamba adui ni jua, anaanza kumwagia maji asubuhi na jioni.

Kwa asiyeijua: junipa ni vile vichaka vya majani membamba au ya magamba madogomadogo, vingine vya kijani, vingine vya rangi ya bluu ya majivu, vingine husimama kama mshumaa na vingine hutambaa chini kama mkeka. Kwenye maandishi ya Kiswahili utakuta jina mreteni. Hapa mjini wengi wanaiita tu miti ya Krismasi. Usiichanganye na mivinje ya ufukweni pale Shangani. Kwa mbali yanafanana, lakini mvinje ni ukoo mwingine kabisa, wakati junipa ni ndugu wa saiprasi.

Nilinunua miche sita Dar es Salaam, kwenye bustani za kando ya barabara, nikaja nayo kwa basi kilomita zaidi ya 550. Yote ilikuwa junipa ya Kichina, minne ya kusimama na miwili ya kutanuka. Ilifika salama. Minne kati ya hiyo sita nikaipanda kama tunavyopanda kila kitu huku: shimo refu, debe la samadi, juu nikaacha kisahani cha kushika maji. Hiyo ilikuwa Novemba, mvua ikikaribia. Nilijiona nimefanya jambo la busara.

Miwili ilikufa Februari. Nilipoing'oa, mizizi ilikuwa myeusi, laini, na ukiivuta kwa vidole ganda linachubuka linabaki uzi mwembamba katikati. Huko ni kuoza kwa mizizi. Vijidudu vya ukungu wa majini hushambulia mizizi iliyokosa hewa, na kisahani changu kilikuwa kimekusanya mvua ya miezi mitatu juu ya samadi mbichi.

Wa tatu ulikuwa chini ya mwembe. Nilidhani kivuli ni huruma. Ukawa mwembamba, ukajinyoosha kutafuta mwanga, kiangazi kikaja na utitiri, vijidudu vidogo vinavyofyonza majani, ukaumaliza. Junipa inataka jua la kutwa, na chini ya saa sita za jua kwa siku inadhoofika. Wa nne niliua kwa mkasi: ulikuwa umetanuka kwenye njia ya kuingilia nyumbani, nikaukata hadi kwenye matawi makavu ya ndani nikitegemea utachipua kama mchongoma. Haukuchipua hata jicho moja.

Miwili iliyobaki, mmoja wa kusimama na mmoja wa kutanuka, niliipanda baadaye karibu na geti, mahali palipokuwa na rundo la mchanga na vipande vya mawe ya matumbawe yaliyobaki kwenye ujenzi. Sikuchimba shimo refu, sikuweka samadi. Niliipanda pale kwa sababu sikuwa na nafasi nyingine. Ndiyo inayonawiri mpaka leo, na jua linaipiga kutoka saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni.

Kwa hiyo jua halijaua hata mmoja. Kilichoua ni maji, kivuli na mkasi. Karibuni mchangie, hasa mlioko pwani.

BintiMikindani

Asante kwa uzi huu kaka. Swali langu: mimi ninayo moja kwenye chungu, majani ya ndani karibu na shina yanakuwa ya kahawia na kudondoka, ya nje ni mazima. Inakufa?

KusiKaskazi

Hapana dada. Majani ya ndani yasiyopata mwanga huzeeka na kudondoka, ndiyo tabia yake. Wasiwasi uwe kwa ncha za nje. Usipogoe kuingia huko ndani, maana hiyo sehemu kavu ndiyo isiyorudisha majani.

MwalimuMstaafu

Wanangu, hamjambo. Nilifundisha miaka mingi Lushoto kabla ya kurudi nyumbani Masasi, kwa hiyo miti hii naifahamu kwa upande mwingine.

Tanzania tunayo junipa yetu ya asili, mtarakwa. Si kichaka, ni mti mkubwa unaofika mita 30 na zaidi, gome lake linachanika kama nyuzi. Upo Usambara Magharibi, Kilimanjaro, Meru, na unaendelea kusini hadi Malawi na Zimbabwe, wakati kaskazini unafika Ethiopia na kuvuka hadi Yemen. Katika jamii nzima ya junipa, huu ndio pekee uliovuka ikweta kwa asili yake. Mbao yake ni nyekundu, ina harufu tamu, ndiyo iliyochongwa penseli, na nguzo zake za uzio hukaa ardhini miaka mingi mchwa wakizikwepa.

Nasema haya kwa sababu moja. Kuna wanaofikiri kwa kuwa mtarakwa ni wa nchini basi ndio utakaofaa Mtwara. Sivyo. Huo ni mti wa milimani, wa mahali penye usiku wa baridi. Niliwahi kuleta mbegu Masasi na sikupata mche hata mmoja wa maana. Kwa pwani mtafute aina zilizozoea bahari.

Na aina hizo zipo. Kuna junipa inayotambaa kwenye michanga ya fukwe za Japani, inavumilia chumvi inayorushwa na upepo. Kuna ya kusini mwa Marekani inayoota kando ya bahari Florida. Kuna za visiwa vya Karibi, Bahama na Jamaika, nchi za joto kama letu. Hii junipa ya Kichina ya mleta uzi nayo ni miongoni mwa zinazostahimili joto vizuri, na inauzwa kwa wingi duniani, ndiyo maana inafika mpaka Dar. Zile za bluu iliyokolea zenye umbo la mpira mdogo asili yake ni milima ya juu ya Asia. Hizo zinapendeza sana kwa macho, lakini kwa unyevu wa Januari wa huku sishauri mtu atoe fedha yake.

KusiKaskazi

Shikamoo mwalimu. Hapo umenifungua macho. Ningejua hili mapema ningeuliza aina kabla ya kuuliza bei.

MwalimuMstaafu

Marahaba. Na jingine: msidhani mti ukishazoea kisiwa basi umeshinda. Bermuda walikuwa na junipa yao, imefunika kisiwa kizima, wanajengea nyumba na mashua. Miaka ya 1940 wakaingia wadudu gamba kutoka nje, na kwa muda wa miaka kama kumi zaidi ya asilimia 90 ya miti ile ikafa. Mche unaosafiri ukaguliwe chini ya majani na kwenye vikonyo kabla haujaingia uani kwako.

LindiMtanda

Jamani uzi umenikuta na msiba. Ninazo junipa tatu mbele ya nyumba, nilipanda Septemba. Zote zimeanza kubadilika rangi, kijani kinapauka. Ninamwagilia kila siku jioni kwa mpira, naziogesha vizuri kuanzia juu. Maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Nimeongeza samadi mwezi uliopita nikidhani zina njaa. Nifanye nini?

KusiKaskazi

Pole sana dada. Acha maji leo, acha kabisa. Halafu tujibu haya: (1) ukichomeka kidole ardhini karibu na shina hadi pingili ya pili, ni pabichi? (2) Ncha zinakauka au kichaka kizima kinapauka kwa pamoja? (3) Kwangua gome la tawi dogo kwa ukucha, chini yake kuna kijani au kahawia?

Hilo la tatu ndilo kubwa. Junipa haitangazi kifo chake. Mwembe ukikosa maji unanyauka na utauona siku hiyohiyo, lakini junipa inaweza kuwa imekufa mizizi wiki kadhaa na bado imesimama na kijani chake. Tunapoona kahawia tunadhani tatizo limeanza jana.

LindiMtanda

Nimetoka kukwangua sasa hivi kwa tochi. Mbili ni kahawia mpaka karibu na shina. Ya tatu, ile ya pembeni kwenye mteremko, ni kijani chini ya gome. Ardhi ya zile mbili ni tope kabisa. Nimeumia, nilikuwa nazipenda.

MkulimaNewala

Pole dada. Ya tatu iokoe. Wala usiihamishie mahali penye udongo laini ukidhani utaisaidia.

Mimi niko Newala, juu ya tambarare ya Makonde, na huku junipa hazinisumbui. Sababu ni mbili: usiku wa kipupwe una baridi na ukungu, na udongo wetu mwekundu unanyonya maji yanaenda zake chini. Tena tambarare yetu inajulikana kwa shida ya maji, hakuna mtu mwenye maji ya kumwagilia ua kila jioni. Nilipanda kichaka kimoja, nikakimwagilia mwaka wa kwanza ndoo moja kwa wiki kiangazi, mwaka wa pili nikaacha. Kimetanuka mita mbili.

Hilo la kutanuka watu hawalisikilizi. Mche wa kiriba unautazama ni kiganja, unaupanda nusu mita kutoka ukutani. Baada ya miaka michache umekaba njia, unaukata, unaacha kidonda kisichopona. Uliza upana wake ukikomaa, kisha upe nafasi hiyo tangu siku ya kwanza. Uwazi unaobaki panda maua ya msimu.

KusiKaskazi

Mkuu wa Newala kasema kweli. Dada wa Lindi, hivi ndivyo nilivyopanda upya kwangu na nadhani itakusaidia kwa ile ya tatu.

Usichimbe chini, inua juu. Tengeneza tuta la mviringo, kimo cha goti, upana wa hatua mbili. Changanya udongo wako na mchanga mnene wa mtoni na kokoto ndogo. Vipande vya matumbawe usivitupe: chokaa yake haiisumbui junipa, aina nyingi zinavumilia udongo wa chokaa kuliko maua mengi tuliyonayo. Mche ukae juu ya tuta na shingo yake, pale shina linapokutana na mizizi, ibaki juu kidogo ya udongo. Ukiizika shingo umerudi kulekule.

Kuna kitu kingine ambacho kilinichukua muda kukielewa. Miche ya viriba mingi inakuja na udongo wa mfinyanzi ulioshikamana. Ukiuweka bonge zima kwenye kichanga chetu, mizizi inabaki ndani ya lile bonge kama bado imo kwenye kiriba. Maji unayomwaga yanapita kwenye mchanga pembeni, bonge linabaki kavu; au mvua ikija, bonge linashika maji na mchanga unaozunguka umekauka. Lilegeze taratibu kwa vidole, fungua mizizi iliyojizungusha, ndipo upande.

Kwenye maji: mwezi wa kwanza nilimwagilia kila siku ya nne au ya tano, ndoo nzima taratibu chini kwenye shina, halafu nikapunguza hadi mara moja kwa wiki. Maji ya kisima yenye chumvi kidogo inavumilia, ila ukitumia hayo peke yake kiangazi chote chumvi inajikusanya juu. Mvua ya kwanza ikinyesha iache iisafishe, tuta litasaidia chumvi kushuka. Na usiogeshe majani jioni.

FundiBustani_Ligula

Ngoja niongezee hapo kwenye kuogesha, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku na naona watu wakikosea pande zote mbili.

Masika, adui ni ukungu wa ncha. Utaona ncha changa zinapauka, zinakuwa za kahawia, mwisho rangi ya majivu. Ukitazama kwa karibu mpaka kati ya sehemu iliyokufa na iliyo hai, kuna vidoa vyeusi vidogo sana. Huo unapenda majani machanga yaliyolala na maji. Ndiyo maana maji ya jioni kwa mpira ni sumu, na ndiyo maana samadi nyingi ni hatari, inalazimisha kichaka kutoa ncha laini wakati wa mvua. Subiri siku kavu, kata ncha zilizoathirika mpaka kwenye sehemu nzima, futa mkasi kwa spiriti kila baada ya kukata, choma ulichokata. Usipogoe wakati kichaka kimeloa.

Kiangazi, adui ni utitiri. Hauonekani kwa urahisi. Chukua karatasi nyeupe, iweke chini ya tawi, ligonge tawi mara mbili tatu. Vumbi likianza kutembea, hao ndio. Majani yanakuwa kama yamepakwa vumbi la njano na kuna utando mwembamba. Hapo ndipo maji ya nguvu juu ya majani yanakuwa dawa: pigia kwa mpira saa kumi na mbili asubuhi, juu na chini ya matawi, jua likitoka linakausha. Rudia baada ya siku tatu nne.

Kwa hiyo kuogesha majani si kosa wala si sahihi, inategemea msimu na saa.

Mkorosho77

Naomba kuuliza wataalamu. Nina salfa ya unga iliyobaki kwenye mikorosho, ile ya ugonjwa wa ubwiri unga. Naweza kuipulizia junipa?

FundiBustani_Ligula

Kwa utitiri salfa inafanya kazi kweli. Lakini angalia mambo mawili. Haitakusaidia kwa kuoza kwa mizizi hata ukimwaga gunia. Na joto likipita nyuzi 30 kidogo salfa inaunguza majani, na kwetu mchana hizo zinapita mara nyingi. Anza na maji. Ukishindwa, tumia salfa kidogo sana, asubuhi mapema, kwenye tawi moja kwanza, usubiri wiki. Vaa barakoa, unajua mwenyewe inavyochoma macho.

BintiMikindani

Na mchwa? Mwalimu kasema mbao yake mchwa wanaikwepa, ila kwangu waliwahi kumaliza mche wa saiprasi.

MwalimuMstaafu

Kinachowafukuza ni mafuta yaliyomo kwenye kiini cha mti mzima, ule moyo mwekundu. Mche mdogo bado hauna moyo huo. Mchwa hupenda kilichokufa au kinachokufa, kwa hiyo usirundike matandazo makavu yakagusa shina. Acha upana wa kiganja.

KusiKaskazi

Kwa matandazo mimi natumia makumbi ya nazi niliyoyakatakata. Ila angalizo kwa watu wa pwani: makumbi yaliyolowekwa baharini kwa ajili ya kusokota kamba yana chumvi, yaoshe au yaache yanyeshewe msimu mzima kwanza. Kokoto tupu nayo inafaa na haileti mchwa.

LindiMtanda

Nimefanya tuta. Kaka yangu kanisaidia kubeba mchanga. Nilipoifungua ile ya tatu, mizizi ya upande mmoja ilikuwa imeanza kuwa myeusi, nikaikata yote, iliyobaki ni myeupe na migumu. Nimeipanda shingo juu kama mlivyosema. Nimezing'oa zile mbili. Je, naweza kuotesha nyingine kutokana na hii?

KusiKaskazi

Hongera kwa kuzing'oa, najua inauma. Vipandikizi inawezekana, lakini usiikate mwaka huu, iache ijijenge. Nitakukatia kwangu.

Ninavyofanya: Juni hadi Agosti, kipupwe, hewa ikiwa imetulia. Nachagua ncha iliyoanza kukomaa, urefu wa sentimita 10 hadi 15, naichomoa kwa kuivuta chini ili itoke na kisigino kidogo cha tawi lililoizaa. Naondoa majani theluthi ya chini. Ukipata unga wa homoni ya kuotesha mizizi, chovya. Inasaidia sana kwa jamii hii. Nachomeka kwenye mchanga mnene uliooshwa, mahali pa mwanga lakini si jua kali, nafunika na nailoni na kuifungua kila siku ipate hewa. Mchanga uwe na unyevu, usiwe na maji.

Kisha subira. Wiki sita ndiyo mapema kabisa. Kwangu vingi vilichukua zaidi ya miezi mitatu. Kama nilivyosema, kubaki kijani si ushahidi kwamba kimeshika. Kivute kidogo sana kwa vidole viwili: kikikataa, kina mizizi. Mwaka jana nilichomeka ishirini, vikashika saba. Kwa mbegu siwashauri, zinahitaji kukaa kwenye baridi kwa miezi kabla ya kuota, na hata hapo nyingi hazioti.

MamaWatatu_Mtwara

Nami nina watoto wadogo. Zile tunda zake ndogo za bluu zina madhara?

MwalimuMstaafu

Mwanangu, inategemea aina. Kuna moja matunda yake hukaushwa yakawa kiungo cha chakula Ulaya, na kuna nyingine ni sumu. Kwa kuwa mche wa barabarani hauji na jina la uhakika, wafundishe watoto wasile kabisa. Mbuzi pia wazuie.

LindiMtanda

Wakuu, narudi baada ya miezi. Mvua ya Januari na Februari ilikuwa nyingi, uani kwangu maji yalisimama mpaka kifundo cha mguu, na tuta lilibaki kama kisiwa. Sikuimwagilia hata siku moja tangu Desemba. Machi ilitoa ncha nne mpya, za kijani cha kung'aa. Leo asubuhi nimekwangua tawi la upande ule niliokata mizizi, nako ni kijani.

KusiKaskazi

Alhamdulillah. Dada, vipandikizi vyako viwili nimevitenga pembeni, vimo kwenye kokoto na mchanga, vina mizizi ya urefu wa kidole. Ukipata mtu anayekuja Mtwara na gari dogo mwambie anipitie. Asiviweke kwenye buti, vikae mbele penye hewa.